Moshi Katika Maziwa

Kihumuro, Mbarara, saa nane usiku. Umeme umerudi,
feni ya kompyuta inapumua kama ndama mwenye kikohozi.
Nina ramani sita za kipande kimoja cha anga,
kila moja na masafa yake,
zote chafu.

Nisichotafuta ni nuru.
Natafuta upungufu:
pale nuru kongwe kuliko nyota zote
ilipopenya gesi ya moto ya kundi la galaksi,
ikapigwa kumbo, ikapanda daraja,
ikaacha kijishimo kwenye ramani za masafa ya chini
na kijilima kwenye za juu.
Sehemu moja ya elfu kumi. Hata hiyo ni ukarimu.

Na mbele yake vumbi, vumbi la galaksi yetu wenyewe,
limetanda kama lile la barabara ya Ibanda mwezi wa Julai,
linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa.

Dakta Rwakishaya ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu:
"Chagua mizani. Jumlisha ramani mpaka vumbi lipate sifuri."
Anaandika kama mtu asiyefagia.

Nikiwa na miaka tisa, kule Kazo, nilimwomba shangazi Kembabazi
anitolee moshi kwenye maziwa
niyaonje yenyewe.
Alikuwa akifukiza vyombo kwa majani ya mburara,
nyasi zilizoupa mji huu jina.
Alicheka hadi akashika nguzo.
"Basi kamua mdomoni!"
Nilikamua. Yalikuwa na ladha ya majani.

Namba kumi na saba imefutika.
Wiki tatu niliipenda; lilikuwa vumbi tupu.

Namba ishirini na tatu imebaki, lakini shimo lake ni fupi mno.
Nimepekua tena. Katikati yake galaksi moja inanguruma redio,
inalifukia shimo kutokea ndani.
Huyu si mpita njia aliyesimama mbele ya kamera.
Huyu ni wa nyumba ile.
Nimemtoa kwa hesabu, kama nilivyofundishwa,
shimo likarudi na kina chake,
nami nikajiona nimemfukuza mtoto sebuleni
ili wageni wahesabu viti.

Kwenye safu ya uhakika nimeandika: *wastani.*
Chai imepoa. Maziwa ni ya Kazo,
yaliletwa jana kwa bodaboda.
Nanusa kwanza, kisha nakunywa.