Spika Iliyonyeshewa

Miezi kumi na minne meza yangu pale Mbuyuni
ilinuka risasi ya kuchomelea na dawa ya masikio.
Amoksilini ya rangi ya waridi, chupa ya tano, ya sita,
kijiko kimenata juu ya redio ya mteja.
Homa inapanda usiku wa manane, usaha unatoka alfajiri,
mto una doa la njano, kisha siku tisa za amani,
kisha tena.

Mama yangu alishuka kutoka Kibosho
na kitunguu kilichochomwa majivuni,
akakamua tone moja moja akisema,
hata wewe nilikutibu hivi, na unasikia mpaka yasiyokuhusu.
Sikubisha. Mkunde alilala.
Baada ya wiki likaanza sikio la pili.

Kilichonitisha hakikuwa kilio.
Kilio ni dalili kwamba umeme unapita.
Kilichonitisha ni siku bisibisi iliponiponyoka
ikaangukia sinia la bati nyuma yake,
paa!
Paka akaruka dirishani,
jirani akauliza kuna nini,
na mwanangu wa miaka miwili na ushee
akaendelea kupanga vifuniko vya soda,
mgongo wake umetulia kama ukuta.

Tulikuwa tunamwita mkaidi.
Mungu atusamehe, tulimwita mkaidi.

Hospitali ya rufaa, Mlima ukiwa umejifunika shuka,
Daktari Lyatuu alichora nyuma ya risiti:
hapa tundu, hapa kiwambo, na nyuma ya kiwambo
chumba cha kutosha haragwe moja, kimejaa ute.
Aneti aliuliza kuhusu nusukaputi, akauliza mara tatu.
Mimi niliuliza swali la fundi:
spika ikinyeshewa, karatasi yake ikalowa,
sauti inafika lakini haina pa kutetemekea. Ndiyo hiyo?
Akanitazama juu ya miwani.
Ndiyo hiyo, baba Mkunde. Tunatoboa, tunanyonya,
tunaacha kijibomba, hewa ipite.

Akanionyesha. Nimeshika vipuri maisha yangu yote,
rizista nyembamba kama mguu wa panzi,
lakini hiki niliogopa kukipumulia.
Punje ya ulezi iliyotobolewa katikati.

Walimchukua saa mbili kasoro, hajaonja hata maziwa,
mkononi kifuniko cha Mirinda. Nesi hakumnyang'anya.
Dakika kumi na tano, walisema.
Kwa dakika kumi na tano mimi hubadilisha swichi na chai nanywa.
Siku ile nilihesabu vigae vya sakafu, hesabu ikapotea,
nikaanza upya kutoka mlangoni.
Aneti alikuwa ameshika kiatu kimoja.
Hakuna aliyejua kingine kiko wapi.

Alirudi akilia kwa sauti ya kukwaruza,
akanitapikia shati, akalala. Basi.
Hakuna malaika aliyeimba.

Ila jioni birika lilipoanza kuguna jikoni
aliligeukia kama mgeni aliyeingia bila hodi.
Usiku mvua ikapiga bati, akapanda kifuani kwangu,
ananiuliza kwa macho ni nani huyo juu.
Na asubuhi nilipofungua redio ya taarifa ya habari,
kwa sauti ile ile tuliyozoea, ya kupasua nyumba,
aliziba masikio kwa viganja, akatamka:
Kelele.

Neno lake la kwanza lililonyooka,
na lilikuwa la kunikaripia.
Nikapunguza. Nikapunguza tena.

Sasa tunamwogesha na pamba yenye mafuta ya mgando,
na mama yangu anawaambia wa kanisani
kwamba kitunguu ndicho kilichofungua njia.
Mwache. Daktari anasema vijibomba vitadondoka vyenyewe,
mwaka mmoja au zaidi, kama meno ya utoto, tusivitafute.

Lakini mimi ni fundi, situpi kipuri kilichofanya kazi.
Kila asubuhi, akishaamka,
napapasa mto wake.