Kiti cha Bibi Zdenka

Nimeitandaza ramani ya uwanja juu ya meza ya jikoni,
nimeibana kwa chupa ya siki isijikunje.
Jumamosi saa saba mchana, besiboli, katikati ya Cleveland.
Treni ya saa tano na nusu. Gari hapana,
kuegesha huko ni kukabwa koo.
Mkoba mdogo. Kofia. Vidonge vyake vya presha.
Namuuliza: kivulini, au karibu na mpigaji?

Bibi haujui mchezo huu, wala hana haja nao.
Anavaa miwani, anapitisha kidole polepole
kama anayetafuta sindano kwenye zulia.
"Soko lilikuwa hapa. Wauza kuku huku.
Mzani wa Oskar pale. Basi mimi na kabichi zangu..."
Kidole kinasita, kinarudi nyuma, kinatua
nje kabisa ya viti, kwenye nyasi,
anaposimama mdakaji wa kushoto.

Hapo hapauzwi tiketi, Bibi.

"Miaka kumi na tisa nilisimama hapo bila tiketi,"
anasema, na kunisukumia kalamu.
"Haya, nitafutie panapotazamana napo.
Na uulize kama choo kiko mbali."