Kinyundo cha Mpira

Alishuka kwenye bodaboda saa mbili kasoro,
Hoza Shekiondo, kijana wa Kibondei,
shati limechomekwa, mfukoni kalamu tatu
kama karani wa mahakama.
Chai aliikataa. "Nianze na wagonjwa, mama."

Wagonjwa! Nikampeleka kwa mshitakiwa wangu:
mshelisheli, ulioinamia ukuta wa Mama Twaibu
mwaka wa kumi na tano huu,
majani yake mapana kama sinia
yanadondokea bati la watu,
na kila likidondoka, Chumbageni nzima husikia jina langu.
Elfu arobaini nimelipa, nikamwambia, kwa ajili ya huu tu.
Mingine mizima.

Hakunijibu. Akapiga goti,
akafukua shina kwa vidole
kama anayetafuta hereni iliyopotea mchangani.
Una umri gani? Uliwahi kukatwa?
Maji ya kufulia mnamwaga wapi?
Na mimi, mtu mzima na wajukuu, nikaona haya
kwa maji ya kufulia.

Kisha akatoa kinyundo cha mpira,
akagonga, akatega sikio,
akasogea.
Ngo. Ngo. Ngo.
"Huu umeinama tangu utoto," akasema,
"na mizizi ililijua hilo mapema. Tazama huku nyuma
ilivyojikaza. Hauanguki.
Jirani mpelekee mashelisheli."

Mnazi aliutazama kwa darubini:
chonga wameingia kileleni,
makuti yamekatwa pembe kama kwa mkasi. Akaandika.
Mstafeli una vidugamba, sabuni ya maji yatosha.
Akaandika.

Akafika kwenye mjohoro, mimi nikacheka.
Mjohoro wetu, ulionyooka kama alifu,
uliobeba kamba ya nguo
tangu Mwinjuma akivaa sare za reli.
Akagonga.
Du.
Akagonga tena, chini kidogo.
Du.
Debe la unga, tarehe ishirini na nane.

Akaparua gome pale palipovimba,
saruji ikachungulia.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule wa Elnino
tawi lilichanika, likaacha tundu la kuingia ngumi,
na Mwinjuma akakoroga saruji kwenye karai,
mchanga kaufuata mwenyewe Sahare kwa baiskeli,
akaziba, akalainisha kwa mwiko
kama anayempaka mtoto mafuta,
akaandika tarehe kwa msumari.
Wiki nzima kila mgeni alipitishwa uani kwanza
ndipo akaribishwe ndani.

"Aliyeziba alikuwa na nia njema," Hoza alisema, sauti kaishusha.
"Ila kidonda cha mti hufungwa na mti wenyewe.
Hapa maji yaliingia, yakakosa pa kutokea.
Umeoza kutoka ndani, mama.
Ukatwe kabla ya masika."

Dirisha likafunguka. Mwinjuma,
redio mkononi, masikio siku hizi ya kubahatisha:
"Daktari anasemaje?"

Nikaitazama ile tarehe,
saba yake yenye mkia.
Hoza akawa na shughuli kubwa na zipu ya begi.

"Anasema mshelisheli mzima!"
"Si nilikwambia?"
"Uliniambia."
"Na mjohoro?"

Nilikwishaanza kuifungua kamba.
Haifunguki. Waya umemezwa na gome,
umeingia mwilini kama pete kwenye kidole kilichonenepa.

"Mjohoro," nikapaza sauti, "umezeeka tu."

Kimya. Redio ikasoma bei za mahindi.
"Aa," akasema. "Basi tuko wawili."

Dirisha akaliacha wazi.
Nikaenda kutafuta koleo.