Kiti Chenye Mgongo

Farasi sita wamefungwa nje, wanapumua mvuke.
Barafu imeshika matandiko.
Kengele ya hapa ni sahani ya plau iliyochoka kulima,
huigonga Tseko, kijana wa Ntate Ramokoatsi,
na mlio wake huvuka hadi ng'ambo ya mto
ule niliotumwa kuupima.

Jumapili ya kwanza nilikuja kwa udadisi,
na kwa baridi. Nisiseme uongo: zaidi baridi.
Watu wameketi sakafuni, wanaume kulia, wanawake kushoto,
na kiti chenye mgongo kimoja tu kanisa zima.
Wakanipa hicho.
Nikakaa juu kama picha iliyotundikwa,
magoti yangu sawasawa na vilemba vya vikongwe.

Simama, useme.
Nikasema: Inês. Ureno. Daraja.
Jina likapita mdomo kwa mdomo, likichubuka njiani,
likafika mlangoni ni Inesi.
Bibi mmoja akauliza: mama yako anajua uko huku?
Anajua.
Na amekubali?
Hapo nikakosa neno. Kanisa likacheka,
nami nikacheka, sijui nacheka nini.

Sadaka haifichwi huku Lesotho milimani.
Mtu hucheza hadi mezani, katibu akasoma kwa sauti:
sarafu ya 'Mè Mamoeketsi, asante.
Sarafu mbili za Ntate Tlali, asante.
Mimi nilitoa noti kubwa.
Ikasomwa. Kikafuata kimya
kama cha mtu aliyemwagiwa maji mgongoni.
Tulipotoka, 'Mè Makhauhelo akanirudishia,
imekunjwa mara nne ndani ya leso,
pamoja na mayai matatu ya kuchemsha.
"Mgeni halipii alichokaribishwa."
Yai moja nilikula njiani.
Mawili niliyatia mifukoni, yanipashe viganja.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, wasemavyo.
Mimi nilipewa ndoo ya samadi mbichi.
Jumamosi hiyo tulipaka sakafu kwa mikono,
tukirudi nyuma kwa magoti, tukiacha mawimbi ya vidole,
na Makhauhelo akitazama mawimbi yangu
akaguna, akayafuta, akayarudia.

Theluji ilipoanguka, wakasema ndiye mimi niliyeileta.
Wakaniita 'Malehloa, mama wa theluji,
mimi ambaye sijazaa hata paka.
Wakanifunga blanketi, pini kubwa begani,
kisha wakabishana kwa muda mrefu
kama mistari yake isimame au ilale.

Sikuelewa mahubiri. Bado nusu nzima hunipita.
Nilielewa kikohozi cha Ntate Tlali,
kwamba kimeshuka kifuani tangu Mei,
na nafasi tupu karibu na dirisha
ambayo hakuna anayeikalia, wala anayeitaja.

Jumapili moja nikachelewa; usiku kucha nilikuwa na mahesabu ya nguzo.
Makhauhelo akakatiza wimbo katikati ya ubeti:
"Wewe 'Malehloa! Plau hukuisikia?"
Mbele ya wote. Masikio yakaniwaka moto.
Nilipoinua uso kutafuta kiti changu
nikakuta kimekaliwa
na bwana wa chanjo za kondoo, aliyefika jana na gari,
buti zake mpya, kofia mapajani, hajui aiweke wapi.

Makhauhelo hakunitazama. Alipigapiga ngozi ya kondoo kando yake.
Wanawake wakasogea, si sana,
nikajipenyeza kati ya nyonga mbili kama kabari.
Mtu, sikuona nani, akanipakatisha mtoto aliyelowa.
Kutoka chini kanisa ni kitu kingine:
nyayo za viatu zilizotobolewa na mawe,
pindo lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine,
joto linalopanda kutoka kwa watu, si kwa jiko.

Sarafu ya 'Malehloa, akasoma katibu. Asante.
Wala hakuna aliyegeuka.

Kule juu, bwana wa chanjo akatoa pochi.
Nikamwona akipekua, akichagua noti,
ile kubwa.
Nikachungulia mlangoni, jikoni kwa Makhauhelo:
moshi ulikuwa tayari unatoka,
na mayai, nina hakika, yako motoni.