Hapa Tunakauka Desemba

Nimetoka Garua, ambako jani ni la kuulizia
na wingu likipita watoto hulisindikiza kwa vidole.
Basi la usiku limenishusha Maili Nne,
viatu vingali na vumbi jekundu la kwetu,
na kabla sijasema hodi
mji umekwisha kuninawisha miguu.

Mvua ya Limbe haina salamu.
Hushuka mlimani kama mdai
aliyeahidiwa jana na juzi.
Lyonga, mwenyeji wangu, amesimama chini ya bati, ananicheka:
"Funga mwavuli huo, Hamidu,
unauchosha bure. Hapa tunakauka Desemba."

Kila kitu ni kijani, hata kisichotakiwa:
vigae, ngazi za posta, shingo ya bomba,
tandiko la baiskeli aliyoisahau fundi,
na kaburi la Mjerumani fulani
aliyekuja kuhesabu miti
homa ikamhesabu yeye.
Kuvu limelala juu ya tarehe zake.
Nikalikwangua kwa ukucha, nikapata moja, nikapata nane,
nikaacha.

Bustanini ni Iya Limunga atembezaye wageni.
Kila mti una kibati kifuani,
jina la Kilatini na namba, kama mfungwa.
Iya havisomi. Hulipiga gome kofi,
akauita mti kwa jina la nyumbani:
huu wa homa ya watoto,
huu wa milango,
huu (akatazama nyuma kidogo) wa kufungia watu.
Nikamuuliza aliupanda nani.
"Aliyeandikwa hakuchimba," akasema,
"aliyechimba hakuandikwa.
Bibi wa mama yangu alichimba mashimo mia tatu
akalipwa chumvi.
Lamba mzizi, utaionja."
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Mji huu zamani ulibeba jina la malkia
ambaye hakuwahi kuloa hapa hata kidole.
Likafutwa, ukaitwa Limbe,
na wapo wanaosema Limbe naye
ni Mjerumani aliyejenga daraja,
jina lake likamegekea midomoni mwa wapita njia.
"Tulimvua malkia," Lyonga akasema,
"tukamvika fundi wa daraja."
Akalikamua shati lake, mkono mmoja, kisha wa pili.
"Lakini jina likikaa mvuani miaka na miaka
hupauka,
likawa la anayeliita."

Alasiri mvua ikapumzika, tukateremka ufukweni.
Fukwe nilizijua kwenye kalenda za benki:
nyeupe, tupu, zimetandikwa kama vitanda vya hoteli.
Huu ni mweusi.
Mweusi wa sufuria ya msibani.
Mlima ulitapika, bahari ikasaga,
na kazi haijaisha, sikiliza.
Wageni wawili wamekaa juu ya taulo
wanajipangusa, wanajipangusa,
kana kwamba kuna aliyewamwagia masizi.
Hatua kumi kutoka kwao Namondo anabandua samaki wavuni juu ya makaa,
ananipa na miondo iliyofungwa kwa majani,
haulizi kama nina chenji.
Mwanawe amelala kifudifudi mchangani,
shavu moja jeusi, moja safi,
na hakuna anayemwambia inuka.

Nilikaa hapo hadi taa za kiwanda cha mafuta zikawaka ng'ambo ya ghuba.
Nikampigia mama.
"Huko ni kuzuri?" akauliza.
Nikatafuta pa kuanzia: malkia, chumvi, vibati vifuani.
Nikamwambia, "Mama, huku nguo zako zisingekauka."
Akanyamaza. Nikasikia upepo wa Garua ukipita kwenye simu,
mkavu, unakwaruza.
"Na mbuzi wanakula nini?"
"Wanachotaka, Mama."
"Basi ni kuzuri," akasema,
akakata simu
kuokoa salio.