Salfa

Dirisha la wazee, hospitali ya Newala,
wananiamkia vizuri, wananipima presha.
Kadi naitunza kwenye mfuko wa chumvi
pamoja na stakabadhi za korosho.

Bure inafika mpaka kwenye karatasi.
Dawa ya macho: "Bibi, kanunue nje."
Nje ni duka la Chilumba. Hakopeshi.

Jana Somoe kaja na fomu ya bima,
ya kuziba pale serikali ilipoishia.
Nisipougua, nikamuuliza, hela yangu inakwenda wapi?

Hakujibu. Alitazama mikorosho.

Mwezi wa sita tunapuliza salfa,
ubwiri haujagusa hata jani moja,
na sijasikia mtu anadai salfa yake irudi.

Haya. Nitaweka dole gumba.
Ila kwanza anisomee, polepole,
yale maandishi madogo ya chini.
Macho bado yanasubiri dawa.