Mwanzi wa Fundi Shi

Husemwa ngoma ikivuma sana hupasuka.
Ya kijiji cha Baimeng ilipasuka kwanza,
ndipo ikavuma:
usiku wa theluji nyepesi, moto ulitoka
kwenye meko ya mnara wenyewe,
ukapanda nguzo kabla ya mtu kufikia ngazi.
Ngozi ya fahali ikachanika. Pigo moja tu.
Tukatoka na ndoo, wengine miguu mitupu,
kumbe kinachoungua ndicho kilichotuita.

Asubuhi zilisimama nguzo nne za kati, zikifuka.
Nne, kwa majira manne.
Zile kumi na mbili za pembeni, moja kwa kila mwezi,
zilikuwa jivu,
na kuku wakiuchakura mwaka mzima.

Fundi Shi Kaiting hakuchora kitu.
Alipasua mwanzi katikati, mrefu kama nguzo,
akautia wino:
ndoano, unyayo wa kuku, jicho lililofumbwa.
Kila alama ni tundu, kila tundu lina ulimi wake,
na ulimi ukiingia tunduni
msumari unatafuta nini?
Boriti mia nane, mwanzi mmoja.
Nami mkwewe, mshika timazi, nikamwuliza:
Baba, ukifa leo?
Akasema: Shika uzi vizuri, unatikisika.

Kila nyumba ilitoa mti.
Nai Liu alitoa msonobari aliopandiwa bintiye
siku aliyozaliwa, ukatwe siku ya harusi.
Binti yuko kiwandani Dongguan, anashona soli za viatu,
mwaka wa tisa huu.
Mti ule sasa ni mwezi wa tatu.
Nai Liu akija kuota moto huuegemea,
hukaa upande huohuo.

Mapaa kumi na moja, moja juu ya jingine,
kwa kuwa mapaa huhesabiwa kwa witiri
na pembe kwa shufwa,
mbingu na ardhi zisigombanie mpaka.
Ukisimama chini ukatazama juu
unaona koni ya giza, halafu tundu la mwanga
lisilozidi sahani.

Ngoma mpya tumeipandisha. Hatujaipiga.
Nani ana hamu ya kuisikia?

Na mwanzi tumeuficha chini ya kilele,
kwa atakayetengeneza baada yetu.
Nimeuhesabu mara tatu kabla ya kuuacha.
Kuna alama moja, jicho lililofumbwa,
ambayo haina tundu popote mnarani.

Sijamwuliza.